Kuyeyusha metali kidogo nyumbani: mashine ya welding, mtungi wa gesi au jiko la mkaa?

Kijana wa Tandika:
Wakuu habari zenu. Nina mashine ya welding, inveta ya amp 200, nataka nianze kuyeyusha metali kidogo kidogo hapa nyumbani nisubu vitu vyangu, yaani nimimine metali kwenye umbo. Mmoja kaniambia nitumie makaa ya betri kwenye hiyo hiyo mashine, mwingine anasema oksijeni na asetilini, mwingine jiko la mkaa na feni. Hela inatosha kitu kimoja na wiki ijayo naenda maduka ya Gerezani, Kariakoo kununua. Kipi bora?

Fundi Mkongwe:
Metali gani mkuu? Kiasi gani? Alumini inayeyuka nyuzi 660, shaba nyekundu 1085, chuma kinakaribia 1500. Bila kusema hayo tutabahatisha tu.

Bi Sonara:
Kama ni fedha ya pete achana na welding kabisa. Tochi ya gesi, kikombe cha udongo wa moto na boraksi (unga wa kusafishia metali), basi. Ukinyunyiza boraksi uchafu unajitenga pembeni na fedha inajikusanya tone moja linalozunguka. Ukipiga arki, ule moto wa umeme wa welding, pale, fedha yako inaruka.

Jua Kali KE:
Makaa ya betri inafanya. Zile betri kubwa za tochi za bei ya chini, katikati kuna fimbo nyeusi, alkaline haina. Kipande kidogo cha brasi, ile shaba yenye zinki, kinaenda haraka, shida ni moto uko pale arki inagusa tu, pembeni bado ni baridi. Na mask vaeni, watu wanaangalia na macho wazi ati kwa sababu si kuchomelea, usiku wanalia ni kama wametiwa mchanga machoni.

Mama Karakana:
Hiyo brasi ndugu yangu fanyia nje. Zinki iliyomo inachemka nyuzi 907, yaani karibu pale pale brasi inapoyeyuka, ule moshi mweupe ndio huo. Jirani yetu wa karakana aliwapa vijana brasi wayeyushe ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, jioni wote wawili wanatetemeka kwa homa, mdomoni ladha ya chuma, wakapelekwa kupimwa malaria, hamna kitu, kesho yake wakaamka wazima, na yule bosi akawarudisha mle mle ndani. Siku ya pili wakamimina sakafuni kwenye simenti yenye unyevu, ikapasuka, metali ikaruka mpaka kwenye bati, kijana mmoja akaungua mguu maana alivaa kandambili. Mchanga ukaushwe, kalibu (umbo la kumiminia) ipashwe moto, hata koleo lisiwe na maji.

Mzee wa Mitungi:
Wangekunywa maziwa kwanza.

Mama Karakana:
Maziwa yanaenda tumboni, moshi unaingia kwenye mapafu. Kwa heshima mzee wangu, hapo hapana.

Mzee wa Mitungi:
Nimechomelea mabati na bomba za zinki tangu ujana na maziwa nakunywa.

Fundi Mkongwe:
Turudi kwenye mada jamani. Mtoa mada yuko wapi?

Kijana wa Tandika:
Nipo wakuu, umeme ulikatika. Ni alumini, nataka kusubu puli za mashine ya kukoboa, kama kilo moja hivi kila mara.

Fundi Mkongwe:
Ungesema mapema! Mkaa na feni vinakutosha. Welding yako itumie kutengeneza chungu, kata bomba nene la chuma uchomelee kitako. Na tafuta pistoni mbovu, makopo ya soda yanageuka taka tupu.

Mzee wa Mitungi:
Mkaa bei imepanda. Gesi ni safi, unafungua unafunga.

Jua Kali KE:
Asetilini kwa kilo nzima ya alumini? Utamaliza mtungi, na ukipuliza moto moja kwa moja juu yake inaungua inakuwa ganda.

Bi Sonara:
Na puli ikitoka kwenye mchanga lazima ipite kwa fundi wa leith, mashine ya kuchongea metali ikizunguka, vinginevyo mkanda utaruka.

Kijana wa Tandika:
Leith huku bei gani? Na pistoni wanauza kwa kilo au moja moja?

Mama Karakana:
Kwa kilo. Lakini wang'oe pini kwanza, ni chuma, usipimiwe nazo.