Chanjo mpya: Bunge lihoji hadharani, au tuwaachie wataalamu?

Mleta mada, Tabata

Wakuu, naomba tujadili hili bila kuzomeana. Wanangu wote wamechanjwa, kwa hiyo sijaja kupinga chanjo. Nataka mamlaka inayoidhinisha chanjo na kufuatilia usalama wake iwe inaitwa mbele ya kamati ya Bunge, wananchi wakisikia, na majibu yawekwe kwenye kumbukumbu.

Muswada ukifika kwenye kamati, wadau huitwa kutoa maoni. Chanjo mpya haiji kama muswada. Mtengenezaji hupeleka maombi TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wataalamu hupima ubora, usalama na ufanisi, wakitumia pia tathmini za Shirika la Afya Duniani, kisha kibali hutoka. Sisi wazazi tunaisikia siku gari la matangazo linapita mtaani. Na sisemi TMDA ni dhaifu. Desemba 2018, ikiitwa bado TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika hilo kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa, yaani mfumo wake ni imara na unafanya kazi vizuri. Wenye sifa hiyo wana mengi ya kutueleza, na wangetueleza wangeaminiwa zaidi.

Mkazi wa Magomeni

Mkuu, hapa napingana nawe. Tumesahau 2021? Mbunge wa Kawe wakati huo, Askofu Gwajima, alihubiri dhidi ya chanjo ya Uviko-19, akaitwa na Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, akasimamishwa kuhudhuria mikutano miwili. Sasa unataka tuwape wanasiasa jukwaa la kuijadili chanjo moja moja? Mbunge anayetafuta kura atauliza swali la kutisha, litasambaa kwenye simu kabla mtaalamu hajafungua mdomo. Surua haisubiri ufafanuzi. Mtoto wa Tandale ambaye mama yake ameogopa kwenda kliniki ndiye atakayelipia.

Muuguzi, Temeke

Ndugu zangu, nyote mnagombania kibali. Mimi niko kliniki ya watoto, na ninaloliona liko baada ya kibali.

Majaribio hufanywa kwa watu elfu kadhaa, pengine makumi elfu. Tatizo linalompata mtu mmoja kati ya laki kadhaa huwezi kuliona hapo. Litaonekana chanjo ikishaanza kutumika kwa wengi, tena litaonekana kama kuna anayeliandika. Marekani, chanjo ya RotaShield ya kuzuia kuhara kwa watoto ilipata kibali 1998, na 1999 ikaondolewa sokoni kwa sababu ya watoto waliopata tatizo la utumbo kujiingiza ndani ya utumbo. Aprili 2021 wakasitisha chanjo ya Johnson & Johnson baada ya wanawake 6 kupata damu kuganda kwa namna isiyo ya kawaida, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8. Wakachunguza, siku 10 baadaye wakairuhusu tena wakiwa wameongeza onyo. Julai mwaka huo huo chanjo hiyo ilifika hapa Dar, dozi zaidi ya milioni moja. Wanawake 6 tu, lakini walionekana, kwa sababu daktari fulani alikaa akaandika ripoti.

Huku kwetu tunawaambia akina mama kuna "maudhi madogo madogo": homa, uvimbe, mtoto kulia sana. Likitokea kubwa kuna fomu ya kujaza. Lakini muuguzi mmoja ana benchi zima la akina mama linamsubiri, na wapo wanaoogopa kwamba ripoti itageuka kuwa kosa lao la kuchoma sindano vibaya. Kwa hiyo mbunge akihoji, aulize kila halmashauri imeleta ripoti ngapi. Iliyoleta sifuri mwaka mzima asiipongeze. Apeleke watu wakaangalie.

Mama Mbagala

Dada muuguzi, umenigusa. Wa pili wangu alivimba paja vibaya baada ya sindano, nikarudi kliniki, wakaandika. Alipona, namshukuru Mungu. Ila hakuna aliyenipigia hadi leo kuniambia ile karatasi ilifika wapi. Mimi bado nachanja, lakini jirani yangu aliyeona lile paja hataki kusikia.

Mleta mada, Tabata

Pole sana mama, na hilo ndilo swali ninalotaka mtu aulizwe Dodoma.

Kaka wa Magomeni, hofu yako ni ya kweli. Lakini kamati ile ya 2021 ilishughulikia nidhamu ya mbunge. Kueleza chanjo ilikaguliwaje haikuwa kazi yake. Sitaki wabunge watoe wala wanyime kibali; hilo libaki kwa wataalamu. Waulize nani alikagua, kama ana maslahi na mtengenezaji, ripoti ngapi zimechunguzwa na kwa muda gani.

Chukua chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. 2024 ikawa dozi moja, kuanzia miaka 9 hadi 14. Mtaani kwetu wazazi wakaulizana kama ile ya mwanzo ilikuwa na kasoro. Sababu ilikuwepo na inaelezeka: tafiti zilionyesha dozi moja inakinga karibu sawa na mbili. Kikao kimoja cha wazi kingetosha kulisema.

Mkazi wa Magomeni

Nakubali kwa sharti. Taarifa ya maandishi itangulie, mahojiano yafuate, na mtaalamu awe amekaa pale pale kujibu kila swali siku hiyo hiyo. Bila hivyo bado napinga.

Muuguzi, Temeke

Na kwenye bajeti ya Wizara ya Afya waulize fungu la ufuatiliaji ni kiasi gani, maana fomu haijichunguzi yenyewe. Wenzangu wa kliniki za Kigamboni na Kinondoni, huko kwenu zinajazwa?