Mjadala: Andrew Johnson alishtakiwa kwa kosa dogo, kubwa likaachwa?

Wakuu, heshima kwenu. Kila inapotoka orodha ya marais wabovu wa Marekani, Andrew Johnson hakosi mkiani, akigombea nafasi na James Buchanan. Ukiuliza sababu, wengi watakwambia, "Si ndiye yule aliyeshtakiwa na Bunge?" Kweli, ndiye rais wao wa kwanza kufikishwa hapo. Februari 1868 Baraza la Wawakilishi lilimshtaki kwa kura 126 dhidi ya 47, na mwezi Mei akapona kwenye Seneti kwa kura moja tu: 35 zilimtia hatiani, 19 zikamtetea, na zilihitajika 36.

Mimi naona kesi ile ndiyo inayotupoteza. Ilihusu zaidi kumfukuza Waziri wa Vita, Edwin Stanton, bila idhini ya Seneti. Hati ilikuwa na mashtaka 11, likiwemo la kulitukana Bunge majukwaani. Suala la ardhi ya waliotoka utumwani, ambalo kwangu ndilo kosa kubwa, halimo.

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa 1808 Raleigh, North Carolina, baba akafariki yeye bado mdogo kabisa. Akapelekwa kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja, akatoroka, fundi akatangaza gazetini zawadi ya dola 10 kwa atakayemrudisha. Hakusoma shule hata siku moja. Mkewe Eliza ndiye aliyemsaidia kuandika vizuri na kupiga hesabu. Huyo huyo akaja kuwa gavana wa Tennessee, kisha seneta. Alimiliki watumwa pia, tusisahau. Majimbo ya Kusini yalipojitenga, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, maseneta wake walifungasha virago, yeye peke yake akabaki kitini. Ndiyo maana Rais Lincoln wa chama cha Republican alimpokea kuwa mgombea mwenza mwaka 1864 ingawa alitoka chama cha Democratic. Siku ya kuapishwa kuwa makamu, Machi 1865, alihutubia akiwa amelewa. Wiki sita baadaye Lincoln kapigwa risasi, na fundi nguo wetu ndiye rais.

Sasa njooni kwenye ardhi. Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alitenga ukanda wa pwani na visiwa kuanzia South Carolina hadi kaskazini mwa Florida kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, kila familia hadi ekari 40. Watu wapatao 40,000 waliingia wakaanza kulima. Mei 29 Johnson akatangaza msamaha kwa waasi: ukiapa utii, unarudishiwa mali yako isipokuwa watumwa. Wenye mali ya zaidi ya dola 20,000 walitakiwa kumwomba yeye mwenyewe. Wakaja Washington kwa foleni, naye akatia saini kwa maelfu. Saini ya msamaha wa mwenye shamba maana yake aliyelilima sasa ahame, au abaki kama kibarua.

Aliyetumwa kwenda kuwaambia ni Jenerali Howard, mkuu wa idara ya kuwahudumia watu hao, mtu aliyepoteza mkono wa kulia vitani. Oktoba 1865 alifika kisiwa cha Edisto, watu wakajaa kanisani. Alipotamka kwamba mashamba yanarudi kwa mabwana wa zamani, ikawa vurugu, hakusikika tena mpaka mama mmoja alipoanzisha wimbo wa huzuni na watu wakaitikia. Kamati yao ikamwandikia barua baadaye. Inasema hivi, kwa maneno yangu: wewe unatutaka tuwasamehe wenye ardhi, wewe ulipoteza mkono tu, tena vitani, pengine unaweza kusamehe. Mimi mtu aliyenifunga mtini akanichapa viboko 39, akamvua nguo mama yangu na dada yangu akawachapa, na leo haniruhusu kukaa hata kwenye kibanda chake kitupu mpaka nimlimie kwa bei aitakayo, huyo siwezi kumsamehe kirahisi.

Kwangu mimi barua hiyo ndiyo hati ya mashtaka. Karibuni.

MCHANGIAJI: Mada nzuri mkuu, ila unamwonea mzee wa watu. Kwanza, ile ya Sherman ilikuwa amri ya kijeshi wakati wa vita, haikumpa mtu hati miliki. Pili, Thaddeus Stevens, mbunge wa Republican aliyempinga Johnson vikali, alilipelekea Bunge mpango wa kutaifisha mashamba makubwa ya waasi na kuwagawia waliokuwa watumwa, ukakwama, na waliojaa bungeni ni wa chama cha Stevens mwenyewe. Tatu, 1866 Johnson alitia saini sheria iliyofungua ardhi ya serikali kwenye majimbo matano ya Kusini, weusi wakiruhusiwa kuomba. Na hiyo sheria aliyoivunja kwa Stanton, ya kutofukuza waziri bila idhini ya Seneti, ilikuwa mbovu: Bunge lilikuja kuifuta 1887, na 1926 Mahakama Kuu ya nchi ikasema haikuwa halali. Na kuinunua Alaska nako mmesahau? Dola milioni 7.2!

MLETA MADA: Alaska mpe Seward, waziri wake wa mambo ya nje, yeye ndiye aliyehangaika nayo. Kuhusu Stanton tunakubaliana, ndiyo maana nasema kesi ilikuwa ya kosa dogo.

Kwenye ardhi sikubali. Haikuwa amri ya jenerali peke yake. Machi 1865 Lincoln alitia saini sheria ya Bunge iliyosema wapangishwe ekari 40 kwa miaka mitatu, kisha waweze kuzinunua. Njia ya kisheria ilikuwepo, Johnson akaiziba kwa misamaha. Na ile ardhi ya 1866 sehemu kubwa ilikuwa misitu ya misonobari na vinamasi, unampa mtu asiye na nyumbu, mbegu wala chakula cha msimu. Wakati huohuo serikali mpya ya Mississippi, iliyoundwa kwa utaratibu wake Johnson, ilipitisha sheria kwamba mtu mweusi asikodi shamba nje ya mji, na kila Januari awe na karatasi ya kuonyesha ana mwajiri. Bunge lilipopitisha sheria ya haki za kiraia 1866, aliirudisha bila kutia saini akidai inawapendelea weusi dhidi ya wazungu. Wabunge wakaipitisha hivyo hivyo juu ya kichwa chake.

MCHANGIAJI MWINGINE: Niingie kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 maprofesa wengi wa Marekani walimsifu huyu bwana kama mlinzi wa Katiba. Kilichochangia kumshusha baadaye ni watafiti kuanza kuzisoma barua kama hiyo ya Edisto, ambazo muda wote zilikuwepo. Kwa hiyo mleta mada kwenye hilo nipo nawe.

Ila hujajibu hoja ya Stevens. Unalalamika ardhi haikuwekwa kwenye mashtaka. Ingewekwaje, wakati Bunge lenyewe lilikuwa limekataa kugawa mashamba? Stevens aliingia Seneti kwenye kesi ile amebebwa kwenye kiti kwa ugonjwa, na hata shtaka la 11 alilolisukuma yeye haligusi ekari hata moja. Hao wabunge walikuwa waamuzi wa Johnson au washirika wake? Hapo ndipo nataka jibu.