Rivolva ndogo ya kubeba kwa kificho: .38, .357, .32 au .22? Tubishane

Wadau, huu ubishi hauishi, tuuweke mezani. Mtu mwenye kibali halali anayetaka rivolva ndogo ya kuficha, ile ya mtutu wa inchi mbili hivi, abebe kaliba gani, yaani risasi ya aina na ukubwa gani? Kuna kambi inasema chini ya .38 Special ni mchezo wa watoto, na wengine wamezidi, eti kama si .357 Magnum bora utembee mikono mitupu. Mimi nasema wengi wetu tungekuwa salama zaidi na .32, nirarueni mnavyotaka ila nisomeni kwanza.

Tuanze na .357 maana ndiyo yenye mashabiki wa kelele. Risasi yenyewe ni ya mwaka 1935 na haina ubaya, ila ilikuja na rivolva kubwa za chuma zenye mtutu mrefu. Ukiiweka kwenye kibastola cha gramu 400 baruti nyingine inaungulia nje ya mtutu, kwa hiyo usiku unapofuka kwa mwanga, masikio yanaziba, kiganja kinawaka moto, na ile spidi uliyoilipia imeishia hewani. Halafu kuna kitu hakisemwi sana: bastola ikiwa nyepesi mno, teke la kila risasi linavuta vichwa vya zile zilizobaki vitoke kidogo kidogo kwenye maganda, kimoja kikitokeza mbele ya silinda (ile ngoma inayozunguka yenye risasi) basi silinda inakwama, haizunguki, umebaki na rungu. Mwenye ubishi apige nne kati ya tano zilizomo, ya mwisho aitoe aisimamishe kando ya mpya, aangalie urefu.

.38 naiheshimu, ipo tangu 1898 na inapatikana kirahisi kuliko zote hizi. Shida yangu ni kwamba kwenye kibastola chepesi nayo inauma, hasa zile za +P zenye shinikizo kubwa kuliko za kawaida, na kinachouma watu hawakifanyii mazoezi, wanakiweka mfukoni mwaka mzima wakijifariji na namba. Kama lazima iwe .38 chukua zile za kichwa bapa za greni 148 (uzito wa kichwa, karibu gramu 9.6), laini mkononi na zinapenya vizuri, kuliko kutegemea risasi za kichwa chenye tundu, zile za kupanuka zikigonga, ambazo kwenye mtutu mfupi mara nyingi zinajaa kitambaa cha nguo na hazifunguki.

Sasa .32. Risasi ni nyembamba, karibu milimita 8 wakati .38 ni 9, kwa hiyo kwenye bastola ya umbo lile lile unapata 6 badala ya 5. .32 H&R Magnum ya 1984 inapiga teke dogo kuliko .38, na ukinunua bastola ya .327 Federal, ndugu yake mrefu na mwenye nguvu zaidi, unaweza kuilisha hiyo H&R na hata .32 S&W Long ambayo ni laini kabisa, unafanya mazoezi mpaka uchoke mwenyewe. Sisemi ubebe .327 yenyewe, ile nayo ina mlio mkali, bana. Na ndiyo, risasi zake kuzipata ni kazi, hapo nakubali mnanishika.

.22 nitapita haraka. Fataki yake, yaani kile kinachowasha baruti, iko kwenye ukingo wa ganda, kwa hiyo kugoma kuwaka ni jambo la kawaida kuliko kwa hizi nyingine, ingawa kwenye rivolva unavuta tena tu. Ila ukingo ule unataka kugongwa kwa nguvu, kwa hiyo triga yake mara nyingi ni nzito zaidi, na anayeshauriwa kuichukua ni nani? Mwenye vidole dhaifu!

Haya watu wa .38, uwanja wenu. Ila kabla hujanijia na habari za "nguvu ya kumwangusha mtu", nenda uwanja wa shabaha ukapige zote tano harakaharaka kutoka mita 7, kwa risasi ile ile unayobeba, siyo ya mazoezi, halafu utuambie ngapi zimeingia kwenye duara la ukubwa wa sahani.