Desa la historia ya soneti linalouzwa kwenye magrupu limejaa makosa, na watu bado wanalilipia

Wadau wa fasihi, habari za muda huu.

Kuna desa, yaani notisi za kujisomea mtihani, linalouzwa kwenye magrupu ya wanafunzi, eti historia ya soneti (lile shairi la mishororo 14) Italia, Uhispania na Ufaransa. Muuzaji simtaji, nataja makosa yake. Mtu anatoa hela, anakariri usiku kucha, anaingia kwenye mtihani, anakatwa maksi kwa upotoshaji wa mtu mwingine. Hili halikubaliki.

Ukurasa wa kwanza tu: "Soneti ilianzishwa na Petrarca." Hapana! Petrarca, mshairi wa Kiitalia, kazaliwa Arezzo mwaka 1304. Soneti zilikuwa zinatungwa Sicilia tangu miaka ya 1230 hivi, kwenye baraza la mfalme Federico wa Pili, na anayehesabiwa mwasisi wake ni Giacomo da Lentini, mwandishi wa hati za kisheria wa baraza hilohilo. Mshairi Dante anamtaja katika wimbo wa 24 wa Purgatorio, sehemu ya pili ya utenzi wake mkuu, kwa kazi yake tu, "il Notaro", bila jina. Alijua wasomaji wake watamtambua. Desa zima halina hata mstari mmoja juu ya mtu huyu.

Halafu muundo. Kwa mtu aliyesoma ushairi wetu, soneti ya Kiitalia haina ugumu: mishororo 14, yaani tarbia mbili zikifuatwa na tathlitha mbili. Vina vya tarbia kwa Wasisilia vilikwenda abab abab (herufi moja ni kina kimoja). Mpangilio wa abba abba ulishika baadaye kwa Watoscana, watu wa Toscana katikati ya Italia, na ndio Petrarca anaoutumia kwa wingi, akimalizia na cde cde au cdc dcd. Sasa chini ya kichwa "Muundo wa Kiitalia" desa limeweka abab cdcd efef gg. Huo ni wa Waingereza! Ndio wa soneti za Shakespeare zilizochapwa mwaka 1609, karibu miaka mia nne baada ya Giacomo. Aliyeandaa amechukua kitabu cha Kiingereza, akabadilisha majina ya washairi, akaanza kuuza. Ukishajua hivyo, makosa mengine yote unaona yalikotokea.

Lililoniudhi kuliko yote ni hili: eti Wasisilia "hawakuwa na umahiri wa vina". Mashairi yao yametufikia hasa kupitia miswada iliyonakiliwa na Watoscana, mkubwa wao ukiwa ule wa maktaba ya Vatikani, wenye namba Latino 3793. Wanakili waliyageuza maneno yafuate matamshi ya kwao. Kisicilia kilisema "aviri" na "serviri", kina safi kabisa, -iri kwa -iri. Mtoscana akaandika "avere" na "servire", kina kikavunjika mkononi mwake. Mshairi hana kosa, aliyeharibu ni mwenye kunakili. Hadi leo wanafasihi wa Italia wanakiita kina cha namna hiyo "kina cha Kisicilia", na washairi wa baadaye walikitumia kwa makusudi kwa kuwa walikikuta kwenye miswada. Jambo zito kama hilo desa limeligeuza kuwa tusi.

Twende kwenye mizani. Desa linamwambia mwanafunzi ahesabu silabi za Kiitalia "kama za shairi la Kiswahili". Kisha limeuchukua mshororo wa kwanza kabisa wa diwani ya Petrarca, likapata mizani 13, likaandika kwamba mshairi "amekiuka arudhi". Petrarca! Kwetu irabu mbili zikikutana kila moja inabeba mizani yake, "kaa" ni mbili. Kwa Waitalia, irabu inayofunga neno na inayofungua neno linalofuata kwa kawaida huungana zikawa mizani moja. Hesabuni wenyewe:

Voi / ch'a / scol / ta / te in / ri / me / spar / se il / suo / no

Ni 11. Zile mbili za ziada zimetoka kwenye "te in" na "se il", alizozitenganisha mwandishi wa desa.

Tena hiyo 11 yenyewe inategemea mkazo. Mkazo wa mwisho lazima uwe kwenye mizani ya 10. Kwa kuwa maneno mengi ya Kiitalia hubeba mkazo kwenye silabi ya pili toka mwisho, kama yetu, mara nyingi inabaki silabi moja baada yake na jumla inakuwa 11. Neno la mwisho likiwa na mkazo mwishoni kabisa unapata 10, na mshororo bado unaitwa wa 11. Kihispania kinafuata njia hiyohiyo. Kifaransa ndicho kinachotofautiana: hesabu inakoma kwenye silabi ya mkazo wa mwisho, na ile "e" hafifu ya mwishoni haihesabiwi. Kwa hiyo mizani 10 ya Mfaransa na 11 ya Mwitalia ni karibu kitu kimoja. Desa linasema Wafaransa "walipunguza mizani". Hawakupunguza chochote.

Uhispania wamepewa aya moja, nayo mbovu. Eti mshairi Garcilaso de la Vega ndiye wa kwanza kutunga soneti huko. Marquis wa Santillana, aliyefariki 1458, aliacha soneti 42 alizosema wazi kuwa ni za mtindo wa Kiitalia, ila hazikupata wafuasi. Mbegu ilishika pale mshairi Juan Boscán alipozungumza na balozi wa Venezia, Andrea Navagero, mjini Granada mwaka 1526. Navagero alimhimiza ajaribu miundo ya Kiitalia, na Boscán mwenyewe ameieleza habari hiyo kwa maandishi. Akamvuta rafiki yake Garcilaso. Garcilaso alifariki 1536, Boscán 1542, na kazi zao zikatolewa pamoja Barcelona mwaka 1543 kwa juhudi za mjane wa Boscán, Ana Girón de Rebolledo. Bila mama huyu sijui tungekuwa tunasoma nini. Desa halimtaji.

Ufaransa, wanadai mshairi Ronsard ndiye aliyeileta soneti. Mshairi mwenzao Clément Marot alishatunga soneti miaka ya 1530. Mshairi Du Bellay akatoa diwani ya L'Olive 1549, ndipo Ronsard akafuata na Les Amours 1552. Diwani hizo mbili ni za mizani 10. Mizani 12 ilipata nguvu baadaye kidogo, kama katika Les Regrets ya Du Bellay, 1558:

Heu / reux / qui / com / me U / lys / se, a / fait / un / beau / vo / yage

Kituo kipo baada ya mizani ya 6. Desa limeziweka zote kapu moja.

Nyongeza, kwa kuwa mdau ameniuliza faragha kuhusu Petrarca na Laura, mwanamke anayemwimba. Desa limekosea hapo pia. Diwani ya Petrarca ina mashairi 366, lakini soneti ni 317, zingine ni tungo za miundo tofauti. Na tarehe 6 Aprili 1327, siku anayosema alimwona Laura Avignon, shairi linaifanya kuwa siku ya mateso ya Kristo, yaani Ijumaa Kuu, ila kwa kalenda Pasaka ya mwaka ule ilikuwa 12 Aprili, kwa hiyo tarehe 6 ilikuwa Jumatatu. Mshairi ameipa siku maana aliyoitaka. Mwanafunzi akiandika "Ijumaa Kuu" kama tukio la kihistoria, msahihishaji makini atamkata.

Wewe unayeuza, najua unapita humu. Rudisha hela za watu, au toa kurasa zilizosahihishwa bure kwa kila aliyenunua. Anza na ule ukurasa wa kwanza, jina la Giacomo da Lentini liwepo.