Tupeane uzoefu: pedali ya breki kulegea baada ya kufunga kalipa kubwa

Mwanzisha uzi (Nkuhungu, Dodoma):
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita nilitoa kalipa za mbele za Forester yangu (vile vifaa ambavyo pistoni zake husukuma pedi zibane diski ya gurudumu), zile za pistoni mbili, nikafunga za pistoni nne za mtumba kutoka kwenye Impreza WRX. Rimu zangu ni inchi 16, zikaingia bila kugusa. Nilitegemea nikikanyaga kidogo tu gari isimame. Badala yake pedali inazama kupita nusu ndipo breki ishike, tena inabonyea kama godoro. Fundi ananiambia "utaizoea". Mimi sitaki kuizoea. Jumamosi naenda Iringa kwa njia ya Mtera, na kurudi nitakuwa nashuka Nyang'oro na watoto nyuma. Waliopitia hili, nisaidieni.

Mdau wa Kisasa:
Pole mkuu, nakuelewa kabisa. Yangu ilikuwa Mark II. Tulitoa upepo kwenye mfumo wa mafuta ya breki siku nzima, tukamaliza chupa tatu za mafuta ya breki, pedali ile ile. Jioni mzee mmoja anayepaka rangi magari hapo gereji akainama, akauliza mbona nipeli, zile skrubu za kutolea upepo, zinatazama chini. Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, ya kushoto kulia! Upepo unapanda juu, nipeli iko chini, utatokea wapi? Tukabadilishana, dakika ishirini kazi ikaisha. Anza kuangalia hapo.

Mdau wa Kondoa:
Kwangu zilikuwa hozi za mafuta ya breki. Zile za mpira zilizokuja na gari zimezeeka, ukikanyaga zinavimba, nguvu inaishia humo. Nilimwambia mke wangu akanyage, mimi nikashika hozi kwa mkono, nikaisikia inatuna. Nikaweka mpya.

Fundi wa Kizota:
Nimekuwa kwenye breki miaka mingi, naomba niseme kwa urefu kidogo kwa sababu ni suala la uhai.

Kwanza msihesabu pistoni nne mkadhani nguvu imezidi mara mbili. Kalipa yenye pistoni pande zote, unahesabu za upande mmoja tu. Ile ya zamani inayoteleza kwenye pini, pistoni zake mbili zinasukuma pedi ya ndani, na bodi ya kalipa inavuta pedi ya nje. Kwa hiyo kama vipenyo vinalingana, eneo linalosukumwa ni lile lile, na pedali haina sababu ya kuzama.

Pistoni zikiwa nene zaidi ndipo hadithi inabadilika. Zinahitaji mafuta mengi, masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) ni ile ile, lazima mguu uende mbali. Lakini hapo pedali inakuwa ndefu na ngumu mwishoni. Haibonyei. Dawa yake ni masta silinda kubwa zaidi: ukitoka ya kipenyo cha inchi 15/16 kwenda ya inchi 1, eneo linaongezeka kama asilimia 14. Pedali inapanda, ila mguu utatumia nguvu zaidi kwa kiwango hicho hicho. Usifunge kubwa kupita kiasi, utakanyaga jiwe.

Sasa pima hivi. Gari inawaka, imesimama mahali tambarare. Pampu haraka mara tatu nne. Ikipanda na kuwa ngumu, shuku upepo kwanza. Kisha kanyaga ushikilie: ikishuka taratibu, kuna kuvuja au masta silinda imechoka, usitoke nayo barabarani. Kalipa nyingine zina nipeli mbili, ya ndani na ya nje, zote zifunguliwe. Na kama upepo umeingia kwenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), huenda ukahitaji mashine ya kuifanya pampu yake izunguke.

Dada wa Area D:
Niongezee kuhusu mafuta ya breki. Madaraja ya DOT 3 na DOT 4 yananyonya unyevu. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kuchemkia 140. Mimi nilifunga kalipa nzuri nikaacha mafuta ya miaka, nikishuka Sekenke mguu ukaenda hadi kwenye kapeti. Niliinusuru kwa gia na breki ya mkono. Mpaka leo nikipita pale mikono inatoka jasho.

Mwanzisha uzi:
Nawashukuru sana. Nimepampu, ikapanda na kuwa ngumu mara ya tatu. Nikamhoji kijana aliyefanya kazi, akakiri kwamba kikopo cha mafuta kilikauka wakati wa kutoa upepo akakijaza tu akaendelea. Leo tumerudia magurudumu yote kwa DOT 4 mpya, mtu mmoja kazi yake kuangalia kikopo tu. Sasa inashika juu kabisa. Nimeijaribu barabara ya Ihumwa asubuhi kukiwa kweupe, breki tano za nguvu kutoka kilomita 60 kwa saa. Haikubonyea hata mara moja. Safari nimeisogeza hadi Jumatatu, niitembeze kwanza hapa mjini.