Tupeane uzoefu: Kuanzisha kikundi cha kujitolea mtaani kupitia kanisa

Mleta uzi (Dar):
Wakuu, salaam. Paroko ametupa kazi sisi vijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki): tuanzishe kikundi cha kuhudumia wazee na wagonjwa wa mtaa mzima, wawe waumini wetu au wasiwe. Kamati tayari ipo. Mwenyekiti, katibu, mtunza hazina, na kikao kizima kimeishia kwenye rangi ya fulana. Kazi yenyewe hakuna anayejua inaanzia wapi.

Waliowahi kufanya waje watueleze. Mlianza na nini, hela mlitoa wapi, na kwa nini vikundi vya namna hii huwaka Kwaresima halafu Pasaka ikipita vinazima? Madhehebu yote karibuni, na Waislamu pia.

Mama wa WAWATA (Moshi):
Mwanangu, sisi Wanawake Wakatoliki hatukuanza na kamati, tulianza na jumuiya. Tunasali nyumba kwa nyumba kila wiki, na baada ya Injili na nia za sala mwenyekiti anauliza: nani anaumwa, nani hajaonekana? Majina yanayotajwa pale ndiyo orodha yetu. Miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa ukanda wa Afrika Mashariki (AMECEA) walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele katika uchungaji, na mimi naona kwa kazi hii hakuna chombo kinachozishinda. Ofisi ya parokia itajuaje kwamba bibi wa nyumba ya tatu hajawasha moto tangu juzi?

Hela hatuchangi, na ni kwa makusudi. Linapitishwa kapu, kila mama anaweka alichonacho: kibaba cha maharage, mche wa sabuni, mkungu wa ndizi. Asiye na kitu anakuja na mikono yake.

Halafu ulizeni kabla ya kupeleka. Tulimpelekea bibi mmoja unga, akatuangalia tu. "Unga mjukuu ananiletea. Kucha nani atanikata?" Kweli, za miguuni zilikuwa zimepinda hadi zinaingia kwenye nyama, viatu havai. Tangu siku hiyo tunatembea na beseni, mkasi wa kucha na glavu. Miguu inalowekwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, kucha zikilainika ndipo unakata kidogo kidogo, na mwenye kisukari hatumgusi, huyo tunampeleka zahanati akahudumiwe huko. Wazee wanaisubiri Jumamosi ya kucha kuliko siku ya unga.

Na mwende wawili wawili. Mtu asiingie peke yake nyumba ya mgonjwa. Siku kitu kikipotea humo ndani, mtanikumbuka.

Mwalimu (Mwanza):
Kwetu KKKT, yaani Walutheri, tulichagua kazi moja tu, kuchangia damu. Tuliwaandikia Damu Salama (mpango wa taifa wa kukusanya damu) Kanda ya Ziwa, wakaja Jumapili na vitanda vyao, vikawekwa kwenye ukumbi wa Shule ya Jumapili. Ibada ya pili ilipoisha mchungaji akawa wa kwanza kukunja mkono wa shati, washarika wote wakimwona. Matangazo ya mwezi mzima hayakufanya kazi kama ule mkono.

Uzuri wa damu ni kwamba kalenda inajipanga yenyewe: mwanaume anarudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Ila watangazieni masharti mapema. Umri ni miaka 18 hadi 65, uzito usipungue kilo 50, na wingi wa damu unapimwa palepale. Akina mama kadhaa walirudishwa kwa upungufu wa damu, na mmoja aliondoka analia akidhani ameonekana ana ugonjwa wa aibu. Siku hizi anayerudishwa anakaa na nesi aelezwe vizuri, kisha anahamia meza ya kuandikisha au ya soda na biskuti. Hakuna anayeondoka kama aliyekataliwa.

Msiweke siku hiyo katikati ya mfungo, tafadhali.

Mpita njia:
Kwetu kilikufa wiki fulana zilipofika. Mchango wote uliishia kwenye fulana, mzee wa kwanza kutembelewa akapelekewa picha ya pamoja.

Mhasibu wa usharika (Mbeya):
😂 Mpita njia umesema kweli tupu.

Niongezee kwenye hela. Mchango usiingie kwenye simu ya mwenyekiti hata kama ni mtakatifu. Sisi tuko chini ya idara ya diakonia, ile ya huduma kwa wahitaji, na tunatumia usajili wa kanisa. Michango inapita kwenye vitabu vya usharika, kila mtu anapewa stakabadhi, na mwisho wa mwezi inasomwa kwenye matangazo: kilichoingia, kilichotoka, salio. Watu wakisikia salio, mwezi unaofuata wanaongeza. Mkianza kuwaza ile asilimia 10 ya mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, hapo mmehamia kwenye biashara. Andikisheni kikundi kingine kwa afisa maendeleo ya jamii, hiki kiacheni.

Matumizi yaliyotupa thamani kubwa yalikuwa CHF iliyoboreshwa (bima ya afya ya jamii), wakati ule 30,000 kwa kaya ya hadi watu sita kwa mwaka. Kabla ya hapo kununua dawa za dharura kulikuwa kunatumaliza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023, kwa hiyo ulizeni utaratibu wa sasa wilayani kabla hamjachangisha.

Mwana Dorkasi, kikundi cha huduma cha kanisani (Musoma):
Mkitaka kwenda vituo vya watoto, pitieni kwanza kwa afisa ustawi wa jamii. Yeye anajua kituo kipi kina kibali na kinahitaji nini. Na picha za watoto wameshika mchele, hapana! Yule mtoto kesho anakwenda shule na wenzake wana simu.

Jirani (Tanga):
Assalam aleikum. Mimi Mwislamu. Baba alipopooza, kikundi cha kanisa la mtaani kilikuja kupitia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Walituuliza kwanza kama tunapenda waje. Wakaleta vijana wa kiume wamwogeshe, maana mzee asingekubali mwanamke wa nje amguse. Walikuja baada ya swala ya alasiri, na walicholeta kilikuwa kikavu, mchele na sukari, mama akapika mwenyewe. Hakuna aliyefungua Biblia mbele yake. Mzee ametangulia, Mungu amrehemu, na mimi bado nawabeba na bajaji yangu wakienda nyumba za mbali. Mkija na mahubiri mifukoni, mtaa utajua siku ya kwanza.

Mleta uzi:
Shikamoo mama wa Moshi, na asanteni wote. Swali langu lililobaki ni nauli. Vijana wetu wengi hawana kazi, na wameanza kuuliza posho.

Mama wa WAWATA:
Marahaba. Posho msiizoeshe, mkianza hamtaweza kuacha. Gawaneni kwa jumuiya, kila mmoja apewe nyumba anazofika kwa miguu. Mgonjwa akiwa mbali, mkabidhini jumuiya ya huko aliko. Chai muwape wakirudi, na mihogo.