Nguo zangu za ofisini zimejaa kabati, mwenye duka la mtumba anazitaka. Nimuuzie zote kwa mkupuo au nimwachie mali kauli, auze kwanza ndo anilipe?

Mama Naima
Habari za saa hizi wapendwa. Naombeni ushauri hasa nyie mnaouza nguo, maana mimi hii biashara naijua kwa upande wa mnunuzi tu.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi moja pale Posta, kazi yenyewe ya kukaa mbele za wateja kwa hiyo kupendeza ilikuwa lazima. Sasa hivi niko nyumbani Tabata, nimejifungua mtoto wa pili, mwili umebadilika na kazi nimeacha, nataka nianze kuoka keki za oda. Sasa kabati limejaa nguo ambazo hazinipandi tena, blazer, suti za sketi, magauni ya ofisini, blauzi, viatu vya visigino, mabegi, na yale magauni ya vitenge ya kushona niliyovaa kwenye sendoff na harusi za watu. Nyingine nilinunua mpya Mlimani City na Kariakoo ila nyingi ni mitumba mikali ya Kinondoni na zipo kwenye hali nzuri sana maana mimi nguo naitunza.

Kuna dada ana duka la mtumba Sinza, fremu nzuri ya vioo, ana sanamu nje, nguo zote ziko kwenye henga zimepigwa pasi. Amekuja nyumbani akazikagua moja moja akanipa njia mbili. Ya kwanza, anabeba zote leo ananipa laki tatu. Ya pili, namwachia dukani, kila inayouzika tunagawana nusu kwa nusu. Nikikumbuka pesa niliyotoa kununua zile nguo laki tatu inaniuma jamani. Mume wangu anasema chukua hiyo laki tatu yaishe. Mimi lengo langu ni oveni, na laki tatu haifiki.

Wenye uzoefu nisaidieni, na kama kuna njia ya tatu niambieni.

Mwana Karume
Dada hongera kwa mtoto. Kitu cha kwanza toa kichwani bei uliyonunulia, hiyo imeshakwenda na haihesabiki tena. Wewe jiulize huyo mwenye duka nguo kama yako angeipata wapi na kwa shilingi ngapi.

Mimi niko soko la mitumba la Karume. Watu wa maduka ya Sinza, Kinondoni, Mwenge wanakuja kwetu alfajiri belo zikifunguliwa, wanapoint. Belo la nguo ni kilo 45, likikatwa kamba pale ndo unajua bahati yako, unaweza kukuta blazer za maana kumi na zilizobaki mabwanga ya kuuza mnadani buku buku. Anayepoint anachukua zile kali tu, na hapo kwenye kupoint tunampiga bei maana sisi faida yetu iko kwenye zile chache. Blazer kali ya kike mwenye duka anaweza kuichukua kwa 10,000 mpaka 15,000 ikitegemea lebo na asubuhi yenyewe ilivyo. Akifika kwake anaipeleka kwa dobi, pasi, henga, kodi ya fremu, halafu anaandika 35,000.

Kwa hiyo blazer yako nzuri kwake ina thamani ya hiyo 10 mpaka 15, na pengine zaidi kidogo maana kwako hajaamka saa kumi usiku, hajalipa nauli wala hajabebeshwa kitu kibovu. Zihesabu moja moja kwa bei hiyo uone kama zinafika laki tatu au zinapita. Bila hiyo hesabu hata sisi hatuwezi kukwambia kama unapigwa.

Bi Shani wa Magomeni
Mwanangu mimi nakupa upande mwingine. Wateja wengi wa mtumba wanapenda nguo ile imetoka mbali, hawamjui aliyeivaa. Ukimwambia hii ilikuwa ya dada fulani wa Tabata wapo watakaoirudisha kwenye henga, watu wana imani zao za mikosi na mengine na si vizuri kuwadharau. Mwambie mwenye duka asieleze eleze imetoka kwa nani, ila na wewe ukiulizwa usidanganye. Na kabla hujatoa hata moja fua zote upya, anika juani, kagua mifuko yote. Watu wanaacha humo risiti, vitambulisho, hata pete.

Mdau wa Fremu
Nina duka la nguo kwa hiyo naongea kama mwenye duka. Hiyo nusu kwa nusu usiikubali. Sababu ni moja tu, wewe hutakuwepo dukani. Akiuza 40,000 akakwambia aliuza 25,000 utajuaje? Sisemi huyo dada ni mwizi, simjui, ila makubaliano mazuri ni yale ambayo hata mtu akiwa na njaa hayampi nafasi ya kukudanganya.

Mali kauli yetu Waswahili tangu zamani inaenda hivi, wewe unataja bei yako, mfano hii blazer mimi nataka 18,000, yeye akauze anavyojua na cha juu ni chake. Akiuza 30 sawa, akiuza 45 sawa, wewe 18 yako ipo pale pale. Huna haja ya kumchunguza na yeye ana moyo wa kuisukuma kwa sababu kila anachoongeza kinaingia mfukoni kwake.

dada_pamba
Mdau hapo umeongea ila kuna kitu umekiruka. Akiwa anakula cha juu na hajatoa hata mia yake kununua, hana haraka. Ataiandika 50,000 na itakaa kwenye henga mpaka ipauke bega kwa jua la kwenye kioo, maana kwake hiyo nguo haili mtaji. Nilimwachia mtu viatu na mabegi kwa mtindo huo, nikawa nikienda naambiwa bado dada, bado, na mabegi ni yale ya leza bandia, unajua joto na unyevu wa Dar, yalianza kubanduka yakiwa dukani. Nikarudishiwa yakiwa hayauziki tena.

Kwa hiyo weka bei yako NA muda. Mwezi mmoja na nusu hivi, kisichouzwa unarudishiwa au mnashusha bei mkiwa wote. Na malipo yawe kila wiki kwenye simu, usikubali habari ya "tutapiga hesabu zikiisha". Mabegi ya leza bandia uza leo leo, hayo hayana subira.

Mama Naima
Asanteni sana, hiyo ya cha juu sikuwa nimeiwaza kabisa. Nimezitoa zote kitandani kufuata hesabu ya Mwana Karume. Blazer, suti na magauni ya ofisini peke yake kwa bei za chini kabisa yanapita laki tatu, hapo sijagusa viatu wala mabegi. Ila vitenge vya kushona sijui niviweke wapi, ndo nilivitolea pesa nyingi kuliko vyote, kitambaa na fundi.

Kuna nguo za ndani mpya kabisa na nyingine nimevaa mara moja tu, naye alisema atazichukua.

Mdau wa Fremu
Zile ulizovaa usipeleke hata kama ni mara moja. Nguo za ndani za mtumba zimepigwa marufuku nchini, sidiria na chupi zote zimo, na TBS, wale watu wa viwango, huwa wanapita sokoni na madukani kuzikamata. Ambazo hazijavaliwa mpe mdogo wako. Usimuingize huyo dada kwenye matatizo kwa vitu vya buku tatu.

fundi_Vingunguti
Hapo kwenye vitenge ngoja nikueleze kama fundi. Nguo ya kushona imekatwa kwa mwili wa mtu mmoja, kifua chako, kiuno chako, urefu wako, na mtindo wa kitenge unapitwa haraka. Mteja wa dukani akivaa utakuta kifua kinakaa kiuno kinamtupa. Mwenye duka analijua hilo ndo maana kwenye hizo atakupa bei ya bure. Ila kitambaa bado kipo. Yale magauni marefu yenye marinda au mkia wa samaki yana kitambaa cha kutosha gauni la mtoto wa kike, na magauni ya watoto ya kitenge yanatoka sana sikukuu. Ongea na fundi akufumulie mawili uone. Yale yenye lesi ya gharama kodisha kwa watu wa mwili wako wa zamani, watu wa sendoff wanakodi. Kwenye hilo furushi la mtu wa Sinza usiyatie.

Kobe wa Mabibo
Mi nina swali na ushauri. Hivi kwanini hizo suti usiwauzie wanaozihitaji moja kwa moja? Hapa Mabibo hosteli na kule chuoni mabinti wakikaribia kwenda field, yale mafunzo ya kazi maofisini, wanahangaika na nguo za ofisini, kuanzia mwezi wa saba hivi, na wale waliomaliza wakiitwa usaili wa Utumishi wanaazimana blazer moja watu watatu. Huyo binti hana 45,000 ya dukani ila 20,000 anayo. Piga picha mchana karibu na dirisha, nguo iwe kwenye henga, onyesha lebo, onyesha saizi, pima kiuno kwa tepu uandike inchi maana saizi 12 ya Uingereza siyo 12 ya Marekani na watu hapo ndo wanaporudishiana nguo. Kama kuna kasoro ipige picha pia. Weka stetasi, tuma kwenye magrupu ya chuo. Pesa iingie kwanza, bodaboda baadaye, na nauli ya boda ni ya mteja.

Ukweli itakuchosha, kuna watu wataomba picha kumi halafu wanyamaze. Na una mtoto mchanga.

dada_pamba
Naungana na Kobe ila asifanye kwa zote. Suti na blazer kama kumi hivi zile kali auze mwenyewe, magauni na blauzi zije dukani kwa mali kauli, mabegi amuuzie yule dada taslimu leo. Hapo anapata pesa kidogo ya haraka na nyingine inakuja taratibu.

Mwana Karume
Na makaratasi dada, usione aibu. Daftari moja, kila nguo namba, maelezo kidogo, bei yako, picha kwenye simu, mnasaini wote wawili, kila mtu na nakala yake. Andikeni kabisa ikipotea au kukitokea moto nani anabeba. Sisi Januari 2022 soko letu liliungua, kuna watu walikuwa na mali za wenzao mle ndani hazijaandikwa popote, ukaja ugomvi mpaka kwa mjumbe, wengine ndugu kabisa hawasalimiani. Duka lake lina kioo na AC ila moto hauchagui.

Mama Naima
Nimewaelewa wote. Nimempigia, kwenye bei zangu na cha juu amekubali bila shida, kwenye muda akaguna akasema mwezi mmoja na nusu ni mdogo, tumekubaliana miezi miwili ila mwezi wa kwanza ukiisha tunakaa kushusha bei. Mabegi ameyachukua 70,000 taslimu. Viatu je? Ni saizi 41, yeye anaogopa hazitatoka.

Mdau wa Fremu
Hajakosea, 41 kwa visigino vya wanawake ni kubwa, wateja wengi ni 38, 39. Lakini wanawake wa 41 wanateseka kweli kupata viatu hapa mjini, akikiona kinachomtosha habishani bei. Andika saizi kwa herufi kubwa kwenye stetasi, baki navyo mwenyewe, usiviteremshe. Na nguo za dukani zipeleke zifike kabla ya tarehe 25, mishahara ikitoka zikukute kwenye henga.